MWANAGENZI WA QALHAT



Wapenzi wasomaji, mwezi uliopita wazazi watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walitushika mkono baada ya sala ya Ijumaa na kutuuliza swali moja. Mtoto amemaliza masomo ya sekondari, kampuni kubwa imemwandikia barua, inataka kumwajiri kama mwanagenzi wa uhandisi na kumsomesha digrii akiwa kazini. Je, aende? Au asukumwe chuo kikuu kama wenzake? Mmoja wao alisogea karibu zaidi na kusema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya nyumba: “Mwalimu, watu watasema mwanangu kawa fundi bomba.”

Tuliahidi kujibu kwa maandishi, na ahadi ni deni. Jibu letu lina mzunguko kidogo, kwa kuwa linapitia Qalhat.

Majira ya baridi yaliyopita tulijaaliwa kwenda Oman kuwazuru jamaa. Anayetoka Maskati kuelekea Sur kwa barabara ya pwani hupita Quriyat na Tiwi, bahari ikiwa mkono wa kushoto na milima mikavu mkono wa kulia, hata alione kaburi la Bibi Maryam limesimama peke yake katika uwanda wa mawe, kuba lake limekwisha poromoka. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa Qalhat, bandari tajiri iliyokuwa chini ya wafalme wa Hormuz. Ibn Battuta aliufikia katika karne ya 14, baada ya kuzuru Mombasa na Kilwa yetu. Alitembea kwa miguu kutoka Sur akidhani ni karibu, akaingia mjini hoi, miguu imemvimba. Aliusifu msikiti alioujenga bibi huyo, akastaajabu kwamba wenyeji huimalizia kila kauli kwa neno “la”: wala, la? wenda, la? Sisi wenye “sivyo?” yetu hatuna la kuwacheka. Mwaka 1508 Wareno chini ya Albuquerque waliushambulia na kuuteketeza mji huo, nao haukuinuka tena. Mwaka 2018 magofu yake yalitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Mbele kidogo, kabla ya kufika Sur, msafiri huona mji mwingine, huu wa chuma. Kampuni ya Oman LNG iliundwa kwa amri ya Sultani mwaka 1994, na shehena yake ya kwanza ya gesi iliyosindikwa ilipakiwa hapo Aprili 2000 kwenda Korea ya Kusini. Mtambo wa tatu, uliojengwa na kampuni ya Qalhat LNG, ulianza kazi mwaka 2005, na mwaka 2013 kampuni hizo mbili ziliunganishwa. Jirani yake kuna kiwanda kikubwa cha mbolea cha ubia wa Oman na India, nacho pia kilianza mwaka 2005. Gesi yenyewe haitoki Qalhat. Huchimbwa Saih Rawl, katikati ya nchi, ikasafiri ndani ya bomba kiasi cha kilomita 360 hadi pwani. Wasomaji wetu wenye asili ya Ibra na Nizwa watafurahi kusikia kwamba kati ya meli zilizojengwa kuibeba gesi hiyo zimo zilizopewa majina ya miji yao, Ibra LNG na Nizwa LNG. Miji yote miwili iko bara, haina hata ngalawa!

Katika mojawapo ya viwanda vya pwani hiyo, ambacho hatutakitaja, anafanya kazi kijana wa ukoo wetu. Babu yake alizaliwa Unguja, akarudi Oman katika miaka ya 1970 kama walivyorudi wengi, na Kiswahili cha nyumbani kwao bado kina harufu ya karafuu. Kijana alisoma diploma Ibra, katika chuo cha teknolojia ambacho tangu mwaka 2020 ni tawi la Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi. Kisha akaajiriwa kama mwanagenzi, na sasa anaikamilisha digrii yake huku akifanya kazi. Alitukalisha barazani kwao Sur, mbele ya kahawa na halua, tukamhoji usiku mzima kama tulivyokuwa tukiwahoji wanafunzi wetu. Maskini, alivumilia.

Tulimtaka kwanza atueleze kazi yenyewe, nasi tukaelewa hivi. Gesi ikifika haijawa safi. Huoshwa ili kuondoa hewa ya ukaa na salfa, kisha hukaushwa maji, kisha huondolewa zebaki. Kila uchafu una ubaya wake: hewa ya ukaa na maji vingeganda kama barafu na kuziba mabomba, na zebaki huila aluminiamu ya vipoza joto. Gesi iliyosafishwa hupozwa kwa hatua hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, hapo ikageuka maji maangavu, na ujazo wake hupungua mara 600. Kilichokuwa kikijaza nyumba sasa chaenea katika pipa. Ndivyo meli moja inavyoweza kubeba shehena ya maana kwenda Korea au Japani. Ikifika huko hupashwa joto, ikarudi kuwa gesi.

“Na wewe, katika yote hayo, wafanya nini?” tulimuuliza.

Akacheka. “Mwaka wa kwanza, Babu, nilitembea.”

Hakufanya mzaha. Mwanagenzi hupewa mchoro wa sehemu moja ya mtambo, karatasi pana iliyojaa mistari na alama, akaambiwa alifuate bomba moja kwa miguu tangu linapoanzia hadi linapoishia. Huhesabu kila valvu, kila geji, kila pampu, akapanda ngazi na kuinama chini ya sakafu za chuma, ovaroli imelowa jasho, kofia ngumu kichwani, na kifuani kipo kidude kinacholia kikinusa gesi. Akirudi, mchoro huwekwa kando, naye huchora bomba lile kwa kichwa mbele ya msimamizi. Akisahau valvu moja, hurudi juani. Akikamilisha, msimamizi hutia sahihi katika daftari lake, na kesho lipo bomba jingine.

Tulifurahi mno kuyasikia hayo. Nani kati yetu aliyepitia chuoni asiyeutambua utaratibu huu? Ni ubao na wino, kisha kukaa mbele ya mwalimu ubao umefunikwa, ukisoma kwa moyo, naye anasikiliza kwa jicho moja limefumba. Ukikosea irabu, rudi nyuma. Wataalamu wa elimu wa siku hizi wameandika vitabu vingi kuuita utaratibu huo kwa majina mapya.

Sur yenyewe inaujua uanagenzi kabla ya gesi. Majahazi yaliyokuwa yakiteremka na kaskazi kwenda Lamu, Mombasa na Unguja, yakarudi na kusi yamesheheni boriti, mengi yaliundwa hapo kwa mkono, bila mchoro wa karatasi. Kijana alianza kwa kuokota vipande vya mbao, akapanda kwenye kukalafati, akafika kwenye keekee na tezo, na baada ya miaka ndipo aliporuhusiwa kuligusa taruma. Kipo chombo kimoja cha aina ya ghanja, Fatah al-Khair, kilichoundwa Sur mwaka 1951, na sasa kimehifadhiwa mjini hapo. Tulisimama chini yake na kijana wetu. Alikipima kwa macho, akasema waliokiunda wangemfelisha.

Jambo tulilotaka hasa kuwasimulia ni hili. Katika mwaka wake wa pili, zamu ya usiku, kijana alitakiwa kuzungukia sehemu yake na kuandika vipimo vya geji. Geji moja ilikuwa juu ya jukwaa refu, upepo mkali, naye usingizi ulikuwa umemshika kwa sababu mchana hakulala, alikuwa akijiandalia mtihani wa hesabu. Akaandika kipimo cha saa mbili zilizopita. Geji ile, alisema, haikuwa imebadilika kwa mwezi mzima. Usiku ule ilibadilika. Msimamizi, aliyekuwa akitazama skrini katika chumba cha uendeshaji, aliiona tofauti kati ya kipimo cha skrini na kilichoandikwa, akamwita. Hakupiga kelele. Alimuuliza mara moja tu: “Uliisoma?”

Kijana akasema, “Hapana.”

Hakuna kilicholipuka wala aliyeumia. Ilikuwa hitilafu ndogo iliyorekebishwa kabla ya alfajiri. Lakini kijana aliondolewa zamu kwa majuma kadhaa, daftari lake likafungwa, na habari ya kumwachisha kazi ikazungumzwa. Baba yake hakulala. Baadaye msimamizi alimweleza kilichomwokoa, nacho ni lile “hapana”. Asiyesoma geji hufundishwa, alimwambia, lakini anayesema ameisoma ilhali hakuisoma hana pa kuwekwa katika kiwanda cha gesi, kwa kuwa watu wote wa zamu wanalala juu ya neno lake. Tulimuuliza angejibuje lau asingeona skrini nyuma ya msimamizi. Alinyamaza, akamimina kahawa. Hatukumwuliza tena.

Tumekileta kisa hiki kwa kuwa wazazi wengi hufikiri kwamba ugumu wa kazi hizi ni hesabu. Hesabu ni ngumu, ndiyo, lakini mtoto aliyefika hapo anaziweza. Kinachomwelemea ni kuwa mwanafunzi na mtu mzima kwa siku moja. Wenzake walioko chuo kikuu wana likizo ndefu na asubuhi za kulala. Yeye amefanya kazi juma zima, huenda zamu ya saa 12, na jioni anafungua kitabu cha elimumwendo wa vimiminika huku macho yamejaa mchanga. Wapo wanaoacha njiani, na si wavivu.

Yapo pia ya dini, na tusiyapite kimya. Kiwanda hakizimwi kwa ajili ya sala. Hata Oman, ambako mapumziko ya juma ni Ijumaa na Jumamosi tangu mwaka 2013, walio zamu hubaki mitamboni wakati wa sala ya Ijumaa, wakipeana nafasi za kuswali adhuhuri. Sheria ya kazi ya huko humpunguzia Mwislamu saa za kazi katika Ramadhani zisizidi 6 kwa siku, na hukataza kazi za juani saa za mchana kuanzia Juni hadi Agosti. Huku tuliko hakuna lolote katika hayo, na mtoto atalazimika kuomba mwenyewe, mapema na kwa adabu. Aghalabu hupewa, lakini asiyeomba hapewi. Suala la ndevu ni zito zaidi. Barakoa ya hewa inayobana uso haizibi vizuri penye ndevu, na gesi yenye salfa haimsubiri mtu. Kwa hiyo katika baadhi ya kazi anayeivaa hutakiwa kunyoa. Zipo barakoa za aina ya ukaya, zinazopulizwa hewa ndani, zisizohitaji kunyoa, ila hazifai kila mahali. Mzazi na aulize kabla ya mkataba kutiwa sahihi, kisha amuulize mwanachuoni anayemwamini. Kwa mabinti, mtandio wa kubana usioshika moto, unaovaliwa chini ya kofia ngumu, unapatikana.

Turudi kwa yule mzazi anayechelea jina la fundi bomba. Dharau hii ya kazi ya mikono tumeipata wapi? Wazee wetu hawakuwa nayo. Mwaka 1948 ilianzishwa Mombasa taasisi ya elimu ya Waislamu, iliyojulikana kwa kifupi MIOME, kwa makusudi ya kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Sultani wa Unguja, Sayyid Khalifa bin Haroub, alitoa fedha, Aga Khan alitoa, Mabohora walitoa, na serikali ya Uingereza ikatoa. Wanafunzi wa kwanza waliingia Mei 1951. Katika miaka ya 1960 palisomea pia wanagenzi waliotolewa kazini na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki ili wahudhurie darasani, kisha wakarudi karakanani. Tazameni basi: kazini na chuoni kwa pamoja, jambo ambalo leo tunaletewa kama uvumbuzi. Taasisi hiyo ikawa chuo cha ufundi mwaka 1966, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Tuliolipotosha jambo ni sisi walimu, nasi twakiri. Katika miaka yetu ya mwanzo ya kufundisha tulikuwa na mwanafunzi mwenye mkono mwepesi ajabu. Saa ya ukutani ilipoharibika, yeye ndiye aliyeifungua na kuifunga tena ikatembea. Alipata nafasi ya uanagenzi katika karakana moja ya bandarini. Baba yake, mchukuzi asiyejua kusoma, alikuja nyumbani kwetu jioni, akavua viatu mlangoni, akatuomba ushauri. Tulimwambia, kwa ufasaha mwingi, kwamba kijana mwenye akili hapotezwi katika grisi, na abaki aendelee na kidato cha tano. Baba alitushukuru. Kijana alibaki, akaanguka mtihani wa kidato cha sita, na nafasi ya karakana ilikwisha chukuliwa na mwingine. Tulikutana naye miaka mingi baadaye, karani wa ghala, mvi kichwani. Alitupa mkono kwa heshima, akatuita Mwalimu, akauliza hali za watoto wetu. Hakulitaja lile jambo. Afadhali angelitaja.

Sasa kwa sisi wakaazi wa Uingereza. Uanagenzi wa digrii ulianzishwa hapa mwaka 2015, na makampuni makubwa ya uhandisi, kama Rolls-Royce huko Derby na Airbus huko Filton karibu na Bristol, yamekuwa yakiwachukua vijana kwa njia hiyo. Mwanagenzi ana mkataba wa ajira na mshahara, na ada ya chuo kikuu hailipi yeye. Mwishoni, baada ya miaka 3 hadi 6, ana digrii ile ile na uzoefu juu yake. Ushindani ni mkali, na kwa baadhi ya kampuni ni mkali kuliko wa vyuo mashuhuri. Kwa kawaida kijana anatakiwa awe amekaa nchini miaka 3 na awe na haki ya kufanya kazi, kwa hiyo familia ambazo karatasi zao bado zinashughulikiwa ziulize mapema.

Kwetu sisi kuna sababu ya ziada. Tangu ada ya vyuo vikuu vya England iliporuhusiwa kufika pauni 9,000 kwa mwaka, mwaka 2012, nyumba nyingi za Waislamu zimegawanyika kwa ajili ya mkopo wa wanafunzi, unaoanza kuhesabiwa riba tangu fungu la kwanza linapotolewa. Wapo wanavyuoni walioruhusu kwa dharura, wapo waliokataza, na sisi si mufti. Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuruhusu mkopo usio na riba, kisha miaka ikapita watoto wakiusubiri. Tunamjua binti mmoja mwenye alama za juu kabisa aliyekaa nyumbani miaka miwili kwa sababu baba alikataa mkopo na mama alikataa aache masomo. Hakuna aliyemwambia kwamba ipo njia isiyohitaji mkopo. Sisi wenyewe hatukumwambia, kwa kuwa hatukuijua.

Hatusemi kila mtoto aende kiwandani. Anayetaka kuusoma uhandisi kwa kina cha nadharia, au ambaye hajui bado anataka nini, chuo kikuu kinamfaa zaidi, kwa kuwa uanagenzi humfunga kijana wa miaka 18 katika fani moja na tajiri mmoja. Yako pia makampuni yenye matawi ya silaha, na familia inapaswa kuuliza kabla kijana atapangiwa tawi gani. Usomeni mkataba: akiacha katikati itakuwaje, akifeli somo itakuwaje, akimaliza anahakikishiwa kazi au la. Nafasi nyingi hutangazwa kuanzia majira ya vuli, mwaka mzima kabla ya kuanza, na baadhi hufungwa mara zinapojaa. Anayesubiri matokeo ya Agosti amekwisha chelewa.

Kijana wetu wa Qalhat alitusindikiza asubuhi tulipoondoka Sur. Alikuwa ametoka zamu ya usiku na bado amevaa ovaroli. Bibi yake alimgombeza kwa Kiswahili kwamba atawachafulia wageni gari. Alituambia amebakiwa na mitihani miwili.

Kwa wale wazazi watatu: nyumba yetu mnaijua, na Jumamosi baada ya alasiri tupo. Njooni na zile barua za kampuni, na watoto wenyewe waje, kwa kuwa tuna maswali ambayo baba hawezi kuwajibia.